Pezi la Ubao wa Mawimbi na Ufundishaji wa Kazi za Mikono

Imekuwa desturi katika shule zetu nyingi za msingi kwamba somo la kazi za mikono hufundishwa kwa kuorodhesha hatua. Mwalimu huandika ubaoni hatua ya kwanza hadi ya nane, watoto hunakili, kisha huulizwa wazitaje kwa mpangilio. Mtoto anayezitaja zote hupata alama zote, hata kama kitu alichokitengeneza kimeachana njiani alipokuwa akienda nacho nyumbani. Sisi wakufunzi tunayaona mambo haya kila mwaka wakati wa mazoezi ya kufundisha. Katika maandalio ya somo sehemu ya hatua hujazwa vizuri sana, kwa mwandiko wa kupendeza, lakini sababu za hatua hizo hazionekani popote.

Katika makala haya twakusudia kutetea rai moja: kwamba hatua ya kazi isiyofuatana na sababu yake haifai kufundishwa, kwa kuwa haimfanyi mtoto kuwa fundi wala haimfanyi kuwa mtu wa kufikiri. Tutaitetea kwa mfano mmoja, tena wa mbali, nao ni ule wa kupachika pezi la faiba chini ya ubao wa kutelezea mawimbini uliotengenezwa nyumbani.

Mfano huu tumeuchagua kwa makusudi. Mpini wa jembe au mkeka kila mwanachuo hudhani anaujua, kwa hiyo haulizi. Ubao wa mawimbi wengi wetu hatujaupanda, na hapana shaka hatutaupanda. Mwenye kuutazama kwa mara ya kwanza hulazimika kuuliza kila kitu: hili pezi ni la nini, kwa nini likae mkiani, kwa nini lisibandikwe kwa gundi tu basi yakaisha? Hiyo ndiyo hali ya mtoto wa darasa la nne mbele ya mpini wa jembe, ingawa sisi watu wazima tumeisahau.

Mchezo wenyewe asili yake ni visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na hasa Hawaii, ambako wenyeji walichonga mbao ndefu za miti kama vile koa na wiliwili wakateleza nazo juu ya mawimbi kwa karne nyingi. Mbao hizo hazikuwa na pezi. Zilikwenda kasi, lakini mtu alipotaka kulikata wimbi kwa ubavu mkia uliteleza, na ubao ukageuka pasipo yeye kupenda. Mwaka 1935, huko Waikiki, Mmarekani mmoja aitwaye Tom Blake alichukua kipande cha mkuku wa boti kuukuu ya mashini akakifunga chini ya ubao wake, karibu na mkia. Mkia ukatulia. Baada ya Vita Kuu ya Pili mafundi wa California walianza kutumia vitambaa vya nyuzi za kioo na rezini, vitu vilivyokuwa vimeenea katika viwanda wakati wa vita, na hapo ikawezekana pezi na ubao kuunganishwa vikawa kitu kimoja. Mwaka 1980 Simon Anderson wa Australia alitengeneza ubao wenye mapezi matatu, na mwaka 1981 akashinda mashindano makubwa kwa ubao wa namna hiyo. Tangu hapo mapezi matatu ndiyo yaliyoenea zaidi. Toka miaka ya 1990 wengi hutumia mapezi ya kuchomeka na kuchomoa. Hata hivyo watu wanaojitengenezea mbao zao wenyewe, hasa zile ndefu za pezi moja, wangali wakilipachika pezi moja kwa moja, lisitoke tena.

Kazi ya pezi tunaweza kuieleza kwa maneno machache. Bamba jembamba likisukumwa majini kwa ukingo wake hupita bila taabu. Likisukumwa kwa ubapa wake maji hulipinga. Pezi huelekezwa mbele kwa ukingo na pembeni kwa ubapa, kwa hiyo huuruhusu ubao kwenda mbele na huuzuia kwenda ubavu. Mkuku wa jahazi hufanya kazi iyo hiyo, na watoto wa pwani hulijua jambo hili kabla ya kulisoma, kwa sababu mashua zao za kuchezea zisizo na mkuku husukumwa na upepo zikaenda upande.

Sasa tuitazame kazi yenyewe ya kupachika.

Fundi hutandika vitambaa vya faiba, kimoja juu ya kingine, tabaka thelathini hivi, akivilowesha rezini juu ya kioo kilichopakwa nta ili visigande nacho. Vikikauka hupatikana bamba gumu lenye unene usiofika sentimita moja. Hulichora pezi juu yake, akalikata kwa msumeno, akalichonga kwa tupa na msasa: ukingo wa mbele mviringo, ukingo wa nyuma mwembamba. Shina la pezi, yaani ule upande utakaokaa juu ya ubao, hulichonga lifuate mbonyeo wa ubao pasiwe na mwanga unaopita katikati. Huchora mstari wa kati wa ubao kutoka puani hadi mkiani, na hapa ndipo penye kupima mara mbili, kwani pezi lililopinda digrii chache huuvuta ubao upande mmoja daima na hakuna dawa isipokuwa kulikata. Hulisimamisha pezi kwa rezini kidogo, akalipima kwa guni, akalizuia kwa utepe wa karatasi kutoka nchani hadi kingo mbili za ubao, akalisubiri ligande.

Mwanafunzi wa hatua angedhani kazi imekwisha. Pezi limesimama, limenyooka, linapendeza. Ukilisukuma kwa kidole halitikisiki. Mwalimu asiyejua angelipa alama tisa katika kumi.

Na tupige hesabu. Tuseme pezi lina urefu wa sentimita 20, na maji yanalisukuma kwa ubavu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 20, nayo tuihesabu kana kwamba yote inagusa katikati, yaani sentimita 10 juu ya shina. Unene wa shina ni sentimita 1. Pezi ni wenzo. Upande mmoja wa shina hukandamizwa na upande wa pili huvutwa juu, na umbali kati ya pande hizo hauzidi sentimita moja. Kwa hiyo mvuto katika ukingo wa shina ni 20 mara 10 gawanya kwa 1, yaani kilo 200, nao wote umebebwa na ufito mwembamba wa rezini kavu. Hiyo ni hesabu ya kukadiria tu, na mtu wa fizikia angeisahihisha hapa na pale, tena angesema kwamba hali halisi ni mbaya zaidi. Lakini inatosha kuonyesha kwa nini pezi lile zuri hung'oka katika wimbi la kwanza kubwa.

Fundi afanyeje? Rezini yenye nguvu zaidi si jawabu. Jawabu ni kuupanua msingi. Hukata vitambaa vya faiba, akavilaza kila upande wa pezi ili nusu ipande ubavuni mwa pezi na nusu ienee juu ya ubao kwa sentimita tano au zaidi. Sasa msingi wa pezi una upana wa sentimita 10 kwa jumla. Rudia hesabu: 20 mara 10 gawanya kwa 10. Mvuto umeshuka hadi kilo 20, na badala ya kukaa juu ya ufito mmoja umetawanyika katika eneo zima la kitambaa.

Lakini hapo hapo linatokea tatizo jingine. Pale pezi linapokutana na ubao pana pembe kali. Kitambaa cha faiba hakipendi kukunjwa katika pembe kali. Hunyanyuka, kikaacha upenyo wa hewa ndani. Upenyo huo hauna nguvu yoyote, na ndipo ufa huanzia. Kwa hiyo, kabla ya kutandika vitambaa, fundi huchukua nyuzi za faiba zilizo mfano wa kamba laini isiyosokotwa, akazilowesha rezini, akazilaza katika pembe ile pande zote mbili mpaka pembe igeuke kuwa mviringo kama kiganja kilichokunjuka kidogo. Ndipo kitambaa hulala vizuri. Kamba hii haionekani kazi ikishakwisha. Haimo katika picha wala haisifiwi na mtazamaji, nasi twaona kwamba ndiyo hatua iliyo muhimu kupita zote.

Vitambaa navyo havikatwi kwa kipimo kimoja. Kimoja huwa kidogo, kinachofuata kikubwa zaidi, ili kingo zao zisiishie mahali pamoja. Kingo zote zikikoma katika mstari mmoja, ubao utavunjika katika mstari huo, kwa sababu ugumu umekatika ghafula.

Kuna sababu nyingine iliyofichika zaidi, nayo inahusu mpangilio wa hatua. Rezini ya poliesta ni ya aina mbili katika kazi hii. Ile ya kutandikia vitambaa haina nta. Hewa huuzuia uso wake usikauke kabisa, ukabaki unanata kidogo. Ile ya kumalizia imetiwa nta. Inapoganda nta hupanda juu, ikaifungia hewa nje, na uso ukawa mkavu unaoweza kupigwa msasa. Pezi hupachikwa wakati ubao una rezini ya kwanza na kabla haujapakwa ya pili. Mbona? Kwa sababu uso unaonata hupokea tabaka jipya na kushikamana nalo barabara, lakini uso wenye nta haupokei kitu. Mwenye kuchelewa, akaupaka ubao rezini ya kumalizia kwanza, hana budi kuisugua kwa msasa mahali pa pezi mpaka nta yote itoke. Basi, ndugu wanachuo, fikirini mtoto aliyekariri kwamba hatua ya sita ni pezi na ya saba ni rezini ya kumalizia. Siku akikuta ubao uliokwisha kupakwa atafanya nini? Ataibandika hatua ya sita juu ya ya saba, nayo itabanduka. Yule aliyefundishwa habari ya nta atachukua msasa.

Hali ni hiyo kwa dawa ya kugandishia rezini. Kwa kawaida gramu 100 za rezini hutaka gramu 1 hadi 2 za dawa, lakini siku ya joto hupunguzwa na siku ya baridi huongezwa, maana joto huharakisha kuganda. Dawa ikizidi, rezini huchemka yenyewe, hupasuka, na pengine hutoa moshi, hasa mahali iliporundikana kama katika ile kamba ya pembeni. Na ubao uliotengenezwa kwa povu gumu la polistirini, lile jeupe linalofungiwa redio na televisheni, haupakwi rezini ya poliesta hata kidogo, kwa sababu rezini hiyo hulila povu likayeyuka; huo hutaka rezini ya epoksi. Hatua ni zile zile, ila kitu kimebadilika, na kwa hiyo hatua zimekuwa uongo.

Tunajua watakaopinga. Wa kwanza watasema kwamba huu ni mchezo wa watu wenye nafasi, na kwamba mtoto wa Dodoma au wa Kasulu hana wimbi la kutelezea. Ni kweli, hana. Lakini hatukusema afundishwe kutengeneza ubao wa mawimbi. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alitaka shule zimjengee kijana akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa watu wengine na kuyachagua yale yanayomfaa. Anayeiga hatua za wengine bila sababu zao hawezi kuchagua, kwa kuwa hajui lipi linategemea lipi. Hata mafundi wetu wa pwani hawakuiga. Ngalawa haina mkuku mrefu. Utulivu wake unatokana na mirengu na matengo yake, kwa kuwa chombo hicho hupita juu ya miamba na maji madogo ambako mkuku ungegota. Tatizo linafanana, bahari ni nyingine, na jibu limekuwa jingine.

Wa pili watasema kwamba sababu ni nzito kwa watoto wadogo, wao wapewe hatua, sababu watazikuta sekondari. Rai hii tunaikataa kabisa. Watoto wengi hawatafika huko, na miongoni mwao ndimo watakamotoka mafundi wetu wa seremala, wa uashi na wa vyombo. Aidha si kweli kwamba ni nzito. Ugumu hutokea pale mwalimu anapozitoa sababu kwa maneno badala ya kuziacha zitoke katika kitu chenyewe.

Tunapendekeza somo lifuatalo kwa darasa la tano au la sita. Linahitaji vipindi viwili na usiku mmoja katikati. Rezini isitumike. Tunalikazania hilo kwa sababu tumesikia walimu vijana wenye ari wakitaka kuileta darasani. Mvuke wake unadhuru pumzi, vumbi la faiba linawasha ngozi na kudhuru mapafu, tone moja la dawa ya kugandishia likiingia jichoni laweza kulipofua, na dawa hiyo ikichanganywa moja kwa moja na ile ya kuharakisha yenye kobalti hulipuka. Hiyo ni kazi ya watu wazima wenye miwani na vifuniko vya pua, mahali penye upepo. Mtoto wa pwani anaweza kupelekwa akamtazame fundi wa boti za faiba kwa mbali, akaulize maswali.

Darasani tutumie uji mzito wa unga wa muhogo, vitambaa vya kanga kuukuu na vipande vya plaiwudi. Boksi la karatasi halifai, kwani hupinda kabla kiungo hakijaachia. Kila kikundi kitengeneze mapezi matatu yenye kipimo kimoja juu ya vibao vitatu. La kwanza libandikwe shina tu. La pili libandikwe shina na kuzungushiwa vitambaa vilivyoloweshwa uji, bila ya kitu katika pembe. La tatu liwekewe kwanza kamba ya matambara laini katika pembe, ndipo vitambaa, kimoja kidogo na kingine kikubwa. Mwalimu asiseme lipi litashinda. Awaulize watoto, nao waandike makisio yao pamoja na sababu kabla ya kwenda nyumbani.

Kesho yake vibao visimamishwe wima ukingoni mwa meza, pezi lielekee mbele, na nchani mwake pafungwe kikopo. Mchanga utiwe kidogo kidogo mpaka kiungo kiachie. La kwanza litaanguka mapema. Hilo hatuna wasiwasi nalo. Kati ya la pili na la tatu huenda tofauti ikawa ndogo, na katika kikundi kimoja au viwili huenda la pili likashinda, hasa kama matambara ya la tatu hayakukauka. Hapo walimu wengi huona aibu wakalificha tokeo, au wakawaambia watoto kwamba wamekosea. Isiwe hivyo. Kiungo kipasuliwe kwa kisu, watoto watazame ndani: je, pana upenyo wa hewa? je, uji ungali mbichi? Dakika kumi za kutazama kiungo kilichovunjika hufundisha zaidi ya vipindi viwili vya kunakili. Watoto hupenda mno kuvunja vitu kwa ruhusa, na hatuoni kwa nini shule isiitumie furaha hiyo.

Limebaki suala la alama. Maadamu twapima kwa kutazama uso wa kitu, watoto watapamba uso. Wenzetu wa kalafati wanalijua hili: pamba iliyopigwa kati ya mbao na kufunikwa haionekani, lakini ndiyo inayomrudisha nahodha nyumbani. Twapendekeza nusu ya alama za kazi ya mikono zitolewe kwa maswali ambayo hayawezi kujibiwa kwa kukariri. Kwa mfano: umekuta pezi limepachikwa, na uso wa ubao umekwisha kupakwa rezini yenye nta, fundi anataka kuongeza kitambaa, afanye nini kwanza, na kwa sababu gani? Au swali lililo karibu zaidi na nyumbani: mguu wa kigoda umelegea, gundi ipo nyingi, kwa nini kuongeza gundi peke yake hakutoshi? Mwanafunzi anayejibu kwa mchoro apewe alama sawa na anayejibu kwa maneno, kwa sababu wapo watoto ambao mikono yao inajua mengi kuliko kalamu zao.

Kwa wale watakaolijaribu somo hili wakati wa mazoezi ya kufundisha, tunaongeza neno moja la matayarisho. Uji wa muhogo upikwe asubuhi ya siku ile ile, uwe mzito kiasi cha kuning'inia kijitini, na vibao vianikwe mahali penye upepo na mbali na mbuzi. Mchanga nao uchekechwe na ukauke kabla ya kupimwa, na vikundi vyote vitumie kikopo cha namna moja, ama sivyo mtagombana kuhusu kikopo badala ya kuzungumza juu ya pezi.